Mkanda Upo Kabatini, Goti Limestaafu

ZUU: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo mwenzangu kaingia studio shingo haigeuki.

BEKA: Inageuka, ila upande wa kushoto tu.

ZUU: Haya, waambie watu jana usiku ulikuwa wapi.

BEKA: Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu wa karate. Mtindo wa Goju-ryu, tangu sekondari mpaka mkanda wa bluu. Halafu ndoa, watoto, foleni ya Mbagala. Sasa nina miaka 41, nataka kurudi mazoezini, lakini goti la kulia halitaki tena habari za mateke. Ndiyo nikaanza kutafuta mchezo mwingine.

ZUU: Nami nikakwambia njoo ngumi.

BEKA: Nikaja! Dada yangu, kamba tu ilinimaliza kabla hata glovu hazijafungwa. Halafu mwalimu akanipa kijana wa miaka kumi na nane nicheze naye sparingi. Yeye anasema alinigusa. Mimi niliona mataa yote ya Magomeni yakiwaka kwa pamoja.

ZUU: Alikugusa, nilikuwepo. Na ngumi ndiyo mchezo wa mji huu, Beka. Watu wamekua na majina ya kina Matumla na Cheka. 2018 bondia wetu Mwakinyo alipomsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, tena kwao kule Birmingham, mtaani kwetu kila mtoto alitaka glovu.

BEKA: Sibishi. Ila fikiria hivi: kujifunza ni kushindwa mara nyingi, sivyo? Sasa kwenye ngumi kila ukishindwa, bili inakwenda kichwani. Na mimi kesho yake asubuhi nahesabu hela za watu.

ZUU: Hapo umenibana kidogo. Taekwondo?

BEKA: Mateke ya juu. Goti limeshajibu, tusonge mbele.

ZUU: Judo basi.

BEKA: Judo niliipenda sana. Nilipofika, kabla hata ya kusalimia vizuri, nikavua viatu, nikapiga magoti, nikabonyeza mkeka kwa kidole gumba. Kidole kikaenda moja kwa moja mpaka kwenye saruji.

ZUU: Mungu wangu.

BEKA: Na wiki za mwanzo za judo kazi ni kuanguka tu. Wenyewe wanaita ukemi: unajifunza kupiga mkono chini ili mshindo usiishie mgongoni. Jigoro Kano mwenyewe, mwanzilishi wa judo, alianza 1882 kule Tokyo, ndani ya hekalu, na tatami 12 basi. Kwa hiyo uchache wa mikeka si tatizo, tatizo ni unene. Mwalimu wa pale muungwana kweli. Aliniangalia akasema, "Kaka, kwa umri wako, subiri tununue mingine."

ZUU: Mwalimu anayekurudisha nyumbani na ada yako mfukoni! Huyo umrudie siku moja.

BEKA: Nitamrudia. Jana sasa nikajaribu jujitsu ya Kibrazili. Ni mtoto wa judo huyo. Mjapani mmoja, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil 1914, akamfundisha Carlos Gracie kule Belém, familia ile ikaendeleza zaidi mapambano ya chini. Unaona uzuri wake? Muda mwingi mko chini tayari, hakuna pa kuangukia.

ZUU: Na shingo?

BEKA: Nakuja. Nimepewa dada mmoja, kilo hamsini na tano hivi, anauza vitenge Kariakoo. Nikajisemea, nimhurumie. Akashika kola ya koti langu, mkono mwingine sikuuona ulikopita, na koti langu mwenyewe likaanza kuninyonga. Ukizidiwa unamgonga mara mbili begani, anaachia palepale. Ameachia, akaniuliza kwa upole, "Umeona mkono wangu ulipita wapi?" Sikuona. Tukarudia. Nimeshindwa mara tisa, nimehesabu, na leo saa mbili asubuhi nilikuwa kazini.

ZUU: Hujajibu la shingo.

BEKA: Mara ya sita nilileta ubishi, nikachelewa kugonga.

ZUU: Mwanaume! Lakini nikuulize: wakikutokea vibaka watatu pale Ubungo, utawalaza chini mmoja mmoja na kungoja wagonge?

BEKA: Nitawapa simu.

ZUU: Hapo nakubali.

BEKA: Kinachonitesa ni lile koti. Zito, halafu kwa joto la Dar likilowa jasho unahisi umebeba mtoto mgongoni. Ukilifua halikauki. Sijui masika itakuwaje. Leo asubuhi nimelianika uani, jirani akaniuliza kama nimepata kazi hotelini, maana ameona joho la kuogea kwenye kamba.

ZUU: Ukamjibu nini?

BEKA: Nimemwambia ndiyo.