Fundi akishapiga Windows anazima apdeti: mazungumzo na wenye steshenari

Haya jamani tuanze, na kaka yangu wa mlangoni sogea huku bana, feni iko huku. Leo naongelea hizo kompyuta zenu, maana fundi akishapiga Windows tu kitu cha kwanza anazima apdeti halafu anakwambia nimekuokolea bando. Namwelewa, bando ni hela. Ila sikieni hii.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa apdeti ya kuziba tundu kwenye Windows, pale kompyuta zinaposhea mafaili kwenye netiweki. Mwezi uliofuata kuna watu wakamwaga mtandaoni kifaa cha kupenyea hapohapo. Tarehe 12 Mei ikaja WannaCry, kirusi kinachofunga mafaili yako halafu kinadai hela. Piga hesabu mwenyewe, karibu miezi miwili dawa ipo, tena bure, na bado ikala kompyuta zaidi ya laki mbili kwenye nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha mpaka upasuaji, madaktari wakarudi kwenye kalamu na karatasi huku kioo kinawaka dirisha jekundu linadai dola 300 za Bitcoin, ile hela ya mtandaoni. Na msidhani zilikuwa zile XP za kizamani, nyingi zilizoliwa ni Windows 7, ambayo apdeti yake ilishatoka kitambo!

Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba apdeti ikitoka, wezi nao wanaishusha. Wanalinganisha faili jipya na la zamani, wanajua tundu lilikuwa wapi, wanaanza kutafuta nani hajaziba. Kwa hiyo wewe unayesema ntaapdeti mwisho wa mwezi, siku ile inatoka ndo hatari yako inaanza kupanda.

Sasa bando. Ukiwasha hotspoti ya simu, kompyuta inaona Wi-Fi tu, inadhani ni ya bwerere, inavuta. Ingia Settings, upande wa netiweki, gusa jina la hiyo Wi-Fi, washa "Metered connection". Apdeti nyingi zitasubiri mpaka uruhusu mwenyewe, we ruhusu usiku kama bando lako la usiku ni nafuu. Wenye mashine tano sita na intaneti ya kulipia mwezi, tafuteni Delivery Optimization, chagueni netiweki ya ndani, mashine moja ikishashusha zingine zinachukua vipande kwake badala ya kila moja kuvuta upya. Hii haitangazwi sana sijui kwa nini.

Ndiyo dada, uliza… Windows 10. Eeh, msaada wake wa kawaida, yaani hizo apdeti, uliisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani. Kama kazi yako ni barua na kuprinti, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua faili za Word, mpangilio utachezacheza kidogo hapa na pale lakini kazi inaenda. Ila kopi kwanza mafaili ya wateja kwenye hard disk ya nje. Na printa yako ni aina gani? Ilete hapa tuijaribu kabla hujafuta kitu.