Picha Mbili za Barafu Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja. Jaketi hili hapa mezani nililinunua Gikomba, na ndilo lililonikinga kule Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti visiwani Svalbard, Norwe, karibu digrii 79 kaskazini. Nimelileta mlishike, maana nikitaja baridi hapa Nairobi mtadhani nasema ile ya Julai.

Nilikwenda na kazi mbili. Usanii ulinituma nikatafute picha ya kumnyamazisha mtu. Utafiti ulinituma nisimame palepale waliposimama wapiga picha wa zamani, kamera ielekee kulekule, hata mwanga ukiwa mbaya.

Siku ya kwanza niliufuata usanii. Jua lilikuwa chini, na ukuta wa barafu ulikuwa buluu tupu. Theluji ikilaliwa na theluji nyingine kwa miaka mingi, hewa hubanwa ikatoka, na barafu iliyoshikana hivyo humeza wekundu wa mwanga, buluu ikabaki. Picha ile naipenda mpaka leo. Lakini itazameni vizuri. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu. Ukuta huo ni wa mita 5 au 50? Mimi mwenyewe niliyeupiga siwezi kuapa.

Herbert Ponting alilijua hilo mapema. Alikuwa mpiga picha wa msafara wa Scott kule Antaktika, na Januari 1911 alipiga picha akiwa pangoni, ndani ya pande kubwa la barafu. Mdomoni mwa pango wamesimama watu wawili, na meli inaonekana kwa mbali. Bila wale wawili, lingekuwa tundu tu.

Vifaa nitavipitia haraka. Betri za akiba hukaa kwapani, kwa kuwa baridi huzimaliza. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, theluji hutoka kijivu. Ongeza mwanga wa picha kwa kipimo kimoja au viwili. Andika kwa penseli, wino huganda.

Hapa sasa naomba tukae kidogo. Ng'ambo ya maji kutoka kijijini kuna mahali paitwapo Blomstrandhalvøya. Halvøya kwa Kinorwe ni rasi. Waliopaita jina hilo waliona barafu imepaunganisha na kisiwa kikubwa cha Spitsbergen. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barafu ikarudi nyuma, maji yakapita, kumbe ni kisiwa. Jina limebaki la rasi.

Kule sikutafuta mwanga mzuri. Nilitafuta jiwe. Nikiwa na picha ya zamani mkononi, nilisogea hatua mbili kushoto, nikapiga goti, hadi ncha ya mlima wa nyuma ikakaa juu ya ufa wa jiwe la mbele kama ilivyo kwenye karatasi. Vilipolingana, penye barafu kwenye karatasi, kwenye kamera palikuwa na maji. Mikono ilinitetemeka, na si kwa baridi. Picha hiyo ni ya mawingu, haina buluu hata chembe. Sijapiga nyingine inayoizidi.

Hapa kwetu pia picha za zamani zipo. Msafara wa Mwingereza Mackinder, uliofika Batian, kilele cha Mlima Kenya, mwaka 1899, ulipiga picha barafu ya Lewis mlimani humo. Kati ya 1934 na 2010 barafu hiyo ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, Gregory, imekwisha kabisa. Nyinyi vijana mnaopanda kilele cha Lenana na kamera, kabla ya kugeukia macheo, igeukieni Lewis. Mwekeni mwenzenu ndani ya picha, mwandike mliposimama, tarehe na saa. Mimi napanda tena Februari, na nina nafasi ya watu wawili. Anayetaka anione hapa mbele tukimaliza.