Bibi Alikuwa Mcha Mungu, Halafu?

Assalam alaykum. Hili la kuhifadhi habari za bibi zetu wangali hai nshalisema Wete, nkalisema Mkoani, leo nalisema hapa Chake, na nyie mnaocheka huko nyuma nakuoneni.

Tukenda kwenye hitma ya bibi wa mtu wasifu unasomwa: marehemu alikuwa mcha Mungu, mpole, anapenda watu, kaacha wajukuu thelathini na kitu. Basi. Bibi gani huyo? Badilisha jina uupeleke wasifu Kojani, utafaa vilevile! Na kazaliwa 1 Januari, kwa sababu ndo walivyomwandika kwenye kitambulisho, utadhani bibi zetu wote walizaliwa siku moja. Wangu mie ukimuuliza mamangu alizaliwa lini anakwambia msimu wa karafuu uliotangulia Mapinduzi ya 1964, piga hesabu mwenyewe, 1963 hiyo.

Sasa huyu bibi, akizaliwa mjukuu, hata arubaini haijafika, anamwanzia ukili wake, ule msuko mrefu wa ukindu unaokuja kushonwa mkeka. Ukindu anauchemsha mwenyewe na rangi kwenye sufuria bovu lisilopikiwa kitu chengine, anauanika, anaupasua kwa ukucha wa kidole gumba, halafu jioni anasuka barazani huku sie wajukuu tunachambua karafuu, na macho yake hayapo kwenye ukili yapo kwetu, ukiacha makonyo, vile vikonyo vyake, kwenye karafuu unasikia "hebu rudia hapo, nimekuona". Zikitimia pima anazozitaka anaukunja anauning'iniza kwenye boriti. Siku unaoa, au unaolewa, ndo unashushwa, anaushona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka, anatia taraza pembeni, mkeka wako huo. Wangu una mahali zambarau imekwenda upande, nkamuuliza bibi vipi hapa umekosea, akanambia "siku ile ulikuwa na homa". Basi mie nalala juu ya homa yangu mwaka wa ishirini huu.

Alipofariki tulikuta mikunjo mitatu kwenye boriti, na wajukuu ambao hawajaoa watano. Ya nani? Shangazi anasema ule mwekundu wa fulani, mjomba anasema sio, na mie mwalimu mzima, simu ya kamera mfukoni, miaka yote sikuuliza.

Kuna atakayesema mwalimu, kumrekodi mzee ni kumchuria, kumletea nuksi. Kumchuria! Biriani mnaipiga picha kabla hamjaitia mkono, mbona hamuichurii? Mwengine atasema bibi mwenyewe hataki. Ndio hataki, umemwekea simu usoni kama polisi! Kaa chini umpasulie ukindu, mharibie kidogo akufokee, utasikia mambo mpaka uchoke. La kwanza hilo.

La pili, majina. Andikeni majina ya mama wa bibi zenu, maana upande wa baba tunahesabu mpaka babu wa saba, wa mama hata wa tatu hatufiki. La tatu, picha, andikeni nyuma nani ni nani. La nne naliacha, sheikh keshanionesha saa mara mbili.

Ila mkunjo mmoja nimekuja nao, umo kwenye kikapu hichi. Mama zangu mliokaa upande ule mnajua kusuka kuliko mie, kabla hamjaondoka hebu uangalieni, kuna mahali kijani kimekatika ghafla kaingia na nyeusi, pengine mtanambia kama rangi ilimwishia au kulikuwa na mtoto anaumwa.