Waifai Ikikataa, Iulize Laptopu Yenyewe

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote. Naona wengine mmekuja na laptopu zenu mapajani. Msizifunge, tutazihitaji.

Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa Mombasa. Mwaka uliofuata ikaja EASSy. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Leo mazungumzo mengi ya Afrika Mashariki yapitia ufuo wetu huu. Basi fikirini: habari imesafiri maelfu ya kilomita kutoka Fujairah kule Imarati, chini ya bahari yote hiyo, ikafika salama, kisha ikashindwa kuvuka mita nne za mwisho, kutoka ruta iliyo ukutani hadi laptopu ya kijana anayetaka kutuma kazi ya chuo kabla ya saa sita usiku. Mita hizo nne ndizo zilizonileta hapa. Nimechagua Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwa sababu ndiyo vijana wetu wengi wanaiweka kwenye laptopu za mtumba, na kwa sababu Linux haifichi maradhi yake.

Nianze na maji. Bomba likikauka nyumbani, hapana anayeanza kwa kung'oa koki. Kwanza watazama tangi la juu. Halafu wamuuliza jirani. Jirani naye akiwa mkavu, wajua kwamba tatizo si lako, ni la mtaa mzima au la huko kwenye chemchemi za Mzima maji yatokako. Hesabu hiyo twaijua tangu utotoni. Lakini waifai ikikataa twaisahau yote, na mtu wa kwanza kupita atuambia: "Futa Linux, weka upya." Neno hilo ndilo nalipinga usiku huu. Nimeona watu wakipoteza picha za harusi na kazi za miezi kwa sababu yake, na waifai ikabaki palepale, kwa kuwa ugonjwa haukuwa huko.

Swali la jirani, basi: simu yako iko kwenye waifai hiyohiyo, yafungua kurasa? Kama simu nayo imekwama, iache laptopu, nenda kwenye ruta.

Simu ikiwa nzima, fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `rfkill list`. Mtaona mistari miwili ya maana. "Soft blocked: yes" maana yake programu ndiyo iliyoifunga redio ya waifai, andika `rfkill unblock wifi`, imekwisha. "Hard blocked: yes" ni habari nyingine: imefungwa kwa swichi ya mwilini, na hapana amri yoyote duniani itakayoifungua. Pitisha kidole ubavuni mwa laptopu, au tafuta kitufe chenye picha ya mnara juu ya kibodi. Laptopu hizi zimepita mikono mingi, na swichi ndogo ya ubavuni husukumwa ndani ya mkoba bila mtu kujua.

Sasa tufike penye uzito wenyewe. Andika `lspci -nnk`, ushuke hadi penye "Network controller". Tazameni hapa ukutani, nimeiweka kubwa ili hata wa nyuma asome. Chipu ni BCM4312, na kwenye mabano ya mraba kuna namba, 14e4:4315. Namba hiyo ishikeni kuliko jina. Jina la laptopu halikusaidii kitu, kwa sababu mtindo mmoja wa laptopu huweza kutoka kiwandani na kadi za waifai za aina mbili tatu. Namba haibadiliki. Ukienda kuomba msaada popote, nenda na namba.

Chini yake hutazamiwa mstari wa "Kernel driver in use". Ukiwa haupo, kadi imeonekana lakini hapana dreva, yaani programu ya kuiendesha, aliyeishika. Ukiwepo, na hapa upo, waandika b43-pci-bridge, bado tusifurahi. Tuiulize kerneli, kiini cha Linux: `sudo dmesg | grep -i firmware`. Jibu hili hapa: faili "b43/ucode15.fw" halikupatikana. Someni tena polepole. Kadi nzima. Dreva yupo. Kinachokosekana ni fimwea, ile programu ndogo ambayo dreva huimimina ndani ya chipu kila laptopu inapowaka. Chipu bila fimwea yake ni kama mtepe bila tanga: mbao zote ziko, safari hakuna. Na faili hilo halikuja na Linux kwa sababu ya leseni, si kwa sababu umekosea kitu. Mtu angeweza kuweka Linux upya mara kumi, na mara zote kumi faili lisingekuwepo.

Dawa yake yaitwa `firmware-b43-installer`. Lakini pana mtego, na ndipo watu wanapokata tamaa: kifurushi hicho chahitaji intaneti ili kulileta faili, na intaneti ndiyo tunayoitafuta.

Nawaomba mniangalie mikono. Hii ni simu ya kawaida. Huu ni waya wa USB, uwe wa kupitisha data, si ule wa kuchaji tu. Nauchomeka. Kwenye mipangilio ya simu nawasha kushiriki intaneti kwa USB. Sasa tazameni pembeni mwa skrini ya laptopu: imeunganishwa. Linux imeiona simu kama mtandao wa waya, bila kuomba kitu. Na simu ya Android ikiwa yenyewe iko kwenye waifai ya nyumbani, huipitisha waifai hiyo kwa waya, kwa hiyo hata bando halikuguswa. Waya huu uwe mkobani kila siku. Nasema kwa uchungu, maana miaka kadhaa nyuma nilinakili amri bila kuisoma, ikaifuta NetworkManager, programu ileile inayosimamia mtandao. Ili kuirudisha nilihitaji mtandao. Nilikesha hadi adhana ya alfajiri, na waya wa simu ulikuwa mezani mbele yangu muda wote.

Kwa haki, mambo yamepungua ugumu. Debian, mojawapo ya aina za Linux, tangu toleo la 12, mwaka 2023, huweka fimwea zisizo huru ndani ya diski yake rasmi, na kadi za Intel kwa kawaida hushika zenyewe.

Dada hapo mbele auliza: laptopu yangu ina Windows na Linux, mbona Windows yashika, nikiingia Linux kadi haionekani? Swali zuri sana. Tangu Windows 8 kuna kuzima kwa haraka, ambako mashine haizimiki sawasawa. Huhifadhi hali yake na kulala. Baadhi ya kadi hubaki katika hali iliyoachwa na Windows, na Linux ikija haiwezi kuziamsha. Ingia Windows, zima hiyo "Fast Startup" kwenye mipangilio ya umeme, kisha uzime mashine kikwelikweli. Usiguse Linux kabla ya hapo.

Tuseme sasa umeunganishwa, na kurasa bado hazifunguki. Hapa tutakwenda upesi. `ip addr`: kuna mstari wa inet kwenye kadi yako? Kama haupo, ruta haikukupa anwani. `ip route` itakuonyesha anwani ya ruta, ipige ping, yaani ibishie hodi kwa amri ya `ping`. Ikijibu, piga ping 1.1.1.1, anwani iliyo nje kwenye intaneti. Ikijibu, piga ping jina la tovuti yoyote. Namba zikijibu na majina yasijibu, tatizo ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Na yote yakijibu ilhali kivinjari chalalamikia vyeti vya usalama, tazama tarehe. Laptopu za mtumba nyingi betri yake ndogo ya saa imekufa. Ikizimwa, yarudi nyuma miaka, na kila cheti chaonekana bado hakijaanza kutumika. Rekebisha saa kwanza.

Nimalizie na jambo la mji wetu. Wale wa Mji wa Kale, wa Kibokoni, mwaishi ndani ya kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi cha dhiraa. Nimeingia nyumba ambamo ruta imewekwa ndani ya kidaka. Pamependeza, na bi mkubwa amekitandika kitambaa. Lakini mawimbi yamezungukwa na jiwe pande tano, yatoka upande mmoja tu, na chumba cha kijana kiko upande wa pili. Kijana alikuwa amebadili dreva mara tatu. Andika `nmcli device wifi list`, usome safu ya SIGNAL, nguvu ya mawimbi, ukiwa chumbani, kisha uisome tena ukiwa sebuleni. Pale chumbani ilikuwa 22; tuliposogeza ruta ikakaa juu ya kabati, karibu na mlango, ikapanda hadi 61. Na kama ruta yatoa mawimbi ya 2.4 na ya 5 GHz, kwenye kuta zetu chagua 2.4: ina kasi ndogo, lakini hupenya jiwe vizuri zaidi.

Waifai ikikatika kila baada ya dakika chache, jaribu kuzima uokoaji wa umeme wa kadi kwa `sudo iw dev wlan0 set power_save off`, ukiweka jina la kadi yako mahali pa wlan0. Kwenye mashine nyingi ni kitu kama wlp2s0. Ikitulia, tutaandika faili la kuifanya idumu.

Bwana mwenye laptopu ya kijivu, umeinua mkono tangu mwanzo. Isogeze hapa mbele, uichomeke kwenye projekta. Andika `rfkill list`, utusomee.