Chaguo la 3 na Chaguo la 262

Ndugu watazamaji, shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za huko nyumbani. Leo nataka tuzungumze juu ya kotabeki, yule mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua, ndani ya sekunde tatu hivi, ampe nani pasi, amkabidhi nani akimbie nao, au aponyoke nao mwenyewe.

Kila Aprili timu 32 za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, hugawana kwa zamu, raundi baada ya raundi, wachezaji wanaotoka vyuoni, na timu zaweza kubadilishana nafasi hizo za kuchagua. Mwaka 2021 San Francisco 49ers waliipa Miami nafasi zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu, na moja ya raundi ya tatu juu yake, ili wapande kutoka nafasi ya 12 hadi ya 3, wakamchukua Trey Lance. Kijana alikuwa na kila kinachopendeza machoni: kimo, mbio na mkono wenye nguvu. Mwaka 2019, akiwa North Dakota State, alipiga pasi 28 za mabao bila pasi yake hata moja kunaswa na wapinzani. Hata hivyo, chuo hicho hakichezi daraja la juu, na kwa sababu ya korona alicheza mechi moja tu mwaka 2020, hivyo aliondoka chuoni akiwa amepiga pasi 318 tu.

Mwaka uliofuata timu hiyo hiyo, chini ya kocha huyo huyo, Kyle Shanahan, ilimchukua Brock Purdy wa Iowa State kwa nafasi ya 262, ya mwisho kabisa, ambayo mwenye kuipata huitwa kwa utani Bwana Asiye na Maana. Purdy si mrefu, wala mkono wake hautishi. Lakini alikuwa ameanza mechi kwa miaka minne na kupiga pasi zaidi ya 1,400, na mfumo wa Shanahan unahitaji hasa kitu hicho: kotabeki hujifanya anamkabidhi mwenzake mpira, akiwapa walinzi mgongo, kisha akigeuka tu hana budi kuurusha mahali ambapo mpokeaji bado hajafika. Februari 2024 Purdy alikuwa kwenye fainali ya Super Bowl, wakafungwa na Kansas City 25 kwa 22 katika muda wa nyongeza. Lance alikuwa amekwisha kupelekwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Nisimwonee: alivunjika kifundo cha mguu Septemba 2022, na aliianzia timu hiyo mechi nne tu. Hata hivyo, mimi ningeuliza idadi ya pasi kabla ya kupima mkono.

Wakati mwingine mfumo ndio unaomfuata mchezaji. Baltimore walimpata Lamar Jackson mwaka 2018 kwa nafasi ya 32, makotabeki wanne wakiwa wamemtangulia, na mwaka 2019 wakajenga mashambulizi juu ya miguu yake. Alikimbia yadi 1,206 na kupata kura zote 50 za mchezaji bora. Mmoja wa wale wanne, Josh Rosen, alichukuliwa na Arizona kwa nafasi ya 10. Baada ya msimu mmoja akaletwa kocha mwingine, Kliff Kingsbury, na mfumo mwingine. Aprili hiyo wakamchagua Kyler Murray, na Rosen akauzwa.