Miksi Isafirishwe Ndani ya Nini?

Ndugu wasikilizaji, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: miksi, yaani wimbo ambao sauti zake zote zimeunganishwa, ikishakamilika, ifike kwa mhandisi wa masteringi (anayeupa wimbo marekebisho ya mwisho kabla ya kutolewa) ikiwa ndani ya nini? Wengi hutarajia nianze na idadi ya biti, nami nitaifikia, lakini naomba kwanza tutazame jambo ninaloliona zito zaidi, yaani chombo chenyewe hufanya nini pale data inapoharibika njiani.

Chukueni CD ya muziki. Kila sekta yake, yaani kipande kidogo cha data, hubeba baiti 2,352 za sauti, na deki husahihisha makosa mengi ya usomaji. Ila kosa likizidi uwezo wake, deki huikisia sampuli (kipimo kimoja kidogo cha sauti) iliyopotea kwa kuangalia zile za jirani, kisha huendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa msikilizaji wa kawaida huo ni msaada, lakini kwa mhandisi ni hatari, kwa kuwa ataisawazisha sauti ambayo hakuna aliyeirekodi. CD ya data, kwa upande wake, huitengea data ya mtumiaji baiti 2,048 tu katika sekta hiyo, na sehemu kubwa ya nafasi inayobaki hutumika kugundua na kusahihisha makosa. Ikishindwa, kompyuta hugoma kunakili. Mgomo huo ndio ninaoutaka.

Niliwahi kupokea CD ya muziki ambayo katika wimbo wa tatu mlio wa toazi ulififia ghafla, kama uliofunikwa kitambaa. Nilipoteza saa nzima nikikagua spika na nyaya zangu, hadi prodyuza aliponitumia faili lenyewe, nikalisikia toazi likilia wazi mpaka likaisha.

Kwa hiyo peleka faili, WAV au AIFF, la biti 24, kwa kiwango kilekile cha sampuli ulichorekodia. Kukipandisha kutoka 44.1 kHz hadi 96 kHz hakurudishi kitu ambacho hakikunaswa. Wimbo wa stereo wa dakika nne katika biti 24 na 44.1 kHz ni takriban megabaiti 64, mzigo mdogo kwa flashi yoyote. MP3 isitumike kabisa, maana imekwisha kutupa sehemu ya sauti.

Hata hivyo, WAV haina namna yake ya kujihakiki. FLAC inayo: hubana bila kupoteza chochote, na kwa kawaida huhifadhi ndani yake alama ya MD5 ya sauti ya awali, yaani mfuatano mfupi unaokokotolewa kutokana na data na ambao hubadilika data ikibadilika, nami huipokea kwa furaha. Anayetuma WAV akokotoe alama hiyo mwenyewe, ambayo ni herufi na tarakimu 32 tu, kisha aitume kwa ujumbe wa pembeni. Mhandisi naye akokotoe yake na kuzilinganisha, na mpaka atakapojibu kwamba zimelingana herufi kwa herufi, nakala iliyo studioni isifutwe.