Kostiki, Pamba na Kuvutwa

Asante, mwenyekiti. Ndugu zangu, mafundi cherehani mliopo mnazijua nyuzi za kudarizi zinazong'aa mpaka mtu akadhani ni hariri, kumbe ni pamba tupu. Mng'ao ule haukupakwa juu. Umetokana na kostiki soda, hiyo hiyo ya wapika sabuni.

Mwaka 1844, huko Lancashire, Uingereza, John Mercer alikuwa akichuja kostiki kali kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kikavimba, kikaanza kupenyeza mwanga, kisha kikarudi, yaani kikapungua urefu na upana. Mwingine angekitupa. Mercer alikichunguza, akaona kimekuwa imara zaidi na kinanywa rangi vizuri kuliko awali. Akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1850, lakini viwanda havikuchangamka. Mwenye kiwanda gani atakubali kupoteza karibu robo ya jora lake?

Sasa tutazame kwa hadubini. Unyuzi mmoja wa pamba ni bapa, umejisokota, na katikati una uwazi mwembamba; umbo lake ni kama mpira wa maji uliokanyagwa. Ukiutia kwenye kostiki ya asilimia 20 hivi, unajisokotoa, unavimba, unakuwa mviringo, na ule uwazi karibu uzibe. Ndani, minyororo ya selulosi, dutu inayoujenga unyuzi wa pamba, iliyokuwa imebanana inaachana, kostiki inapita katikati yake. Ukiisuuza kostiki yote, minyororo inajipanga upya kwa mpangilio mwingine, wala hairudii ule wa kwanza. Hakuna kilichoongezwa: ni selulosi ile ile, ila sasa rangi ina pa kuingilia.

Na mng'ao? Hapo Mercer hakufika. Ilipofika mwaka 1890, Mwingereza mwingine, Horace Lowe, alikivuta kitambaa kikiwa ndani ya kostiki, akakishikilia hivyo hivyo mpaka kikasuuzwa. Kikakosa nafasi ya kurudi, na nyuzi zikanyooka zikarudisha mwanga. Kwa maoni yangu, nusu ya sifa ni ya mkono uliovuta, ingawa jina la kazi hii, "mercerization" kwa Kiingereza, limebaki kuwa la Mercer.

Mama pale mbele ameniuliza atautambuaje uzi wa namna hii. Chukua vipande viwili vyeupe, vichovye kwenye iodini iliyoyeyushwa kwa iodidi ya potasiamu, kisha suuza kwa maji. Wa kawaida utarudi kuwa mweupe. Uliopita kwenye kostiki utabaki na weusi wa bluu.